Aliingiaje na simu ninayo mkononi? Historia fupi kwa akina mama

SEHEMU YA 1

Najua Jumapili mmezoea niwaletee lishe ya mtoto, chanjo na dalili za hatari kwa mjamzito. Leo nahama kidogo. Na kabla hujaniuliza nesi na mambo ya kompyuta wapi na wapi, nisikilize kwanza.

Miezi kadhaa iliyopita tulimpokea usiku mama mmoja wa mimba ya wiki 37, kutoka kijiji kimoja cha wavuvi huku kando ya bwawa. Ameniruhusu nisimulie, ila jina nimemwachia mwenyewe. Presha 160 kwa 110, kichwa kinamgonga, miguu imevimba, anaona vimulimuli. Kliniki walishamwambia siku mbili kabla kwamba aje haraka. Sasa kwa nini hakuja? Hela ya nauli, ya vifaa na ya kula yeye na mdogo wake, shilingi 180,000, ilikuwa kwenye simu. Alikuwa anaidunduliza tangu mimba ina miezi minne. Asubuhi ile ile ya kuondoka akapigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya upole, anamwita "mama yangu". Akasema anatoka huduma kwa wateja, laini yake inafungwa leo saa sita, kuna tarakimu zitaingia kwa ujumbe, amsomee ili aihakiki. Akamsomea. Siku mbili zilizofuata alikuwa anazunguka kutafuta wa kumkopesha.

Tulimwanzishia dawa ya kuzuia degedege, tukaishusha presha, na mtoto alizaliwa salama. Lakini nyie mnaonifuatilia mnajua ninavyosema kila siku: kifafa cha mimba hakisubiri mtu atafute mkopo.

Alipopata nguvu akaniuliza, "Sista, aliingiaje kwenye simu yangu na simu ninayo mkononi?" Nikakosa jibu la maana. Nikasema tu, "Ni matapeli, mama." Jibu la uvivu hilo. Nikaenda kusoma, na nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo inapita kwenye afya, na inaanza na mtu aliyewahi kufanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki.

SEHEMU YA 2

Rudi nami miaka ya 1980. Kompyuta kwetu ilikuwa kitu cha kusikia. Tanzania ilikuwa na ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu wanaanza kuunganisha mashine zao kwa waya za simu, sisi tulikuwa na daftari na peni. (Mtaona huko mbele kwamba daftari na peni siyo vitu vya kudharau.)

Novemba 2, 1988, kijana mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Robert Morris, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao. Njia yake mojawapo ilikuwa kubahatisha nywila. Ilibeba orodha yake ndogo ya maneno ya kawaida na kujaribu moja baada ya jingine, pamoja na jina la mtumiaji mwenyewe. Na watu walikuwa wametumia maneno hayo hayo! Kompyuta maelfu zikalemewa. Wewe ambaye paswedi yako ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, jua ujanja wa kukubahatisha una umri huo.

Sasa mwaka uliofuata ndiyo nataka tukae hapo.

Mwaka 1989 UKIMWI ulikuwa unatisha kuliko ninavyoweza kukueleza. Kwetu wagonjwa wa kwanza walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kurefusha maisha kama tunazozijua leo hazikuwepo. Kila mhudumu wa afya alikuwa na kiu ya habari. Desemba mwaka huo diski za kompyuta, zile za flopi, kama 20,000, zikatumwa kwa posta kutoka London. Walioandikiwa ni pamoja na watu waliokuwa wamehudhuria mkutano wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani. Diski imeandikwa kwamba ina taarifa za UKIMWI. Ukiiweka, inakuuliza maswali kuhusu maisha yako kisha inakupimia hatari yako ya kuambukizwa. Kitu cha msaada kabisa. Mimi ningeiweka, tena ningemwita na mwenzangu wa zamu aje aone.

Lakini ndani ilikuwa na kazi nyingine. Ilihesabu kimya kimya kila ulipowasha kompyuta. Ikifika mara 90 hivi, inaficha folda na kuvuruga majina ya mafaili yote, kisha inaleta maandishi: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama, ndipo utarudishiwa mashine yako. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa programu ya kwanza ya kuteka kompyuta na kudai fidia. Ilikuja kwa bahasha na stempu, ikabisha hodi kwa jina la ugonjwa.

Aliyeshtakiwa alikuwa Dkt. Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu kutoka Harvard, msomi wa tabia za nyani, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki na baadaye kufanya kazi za afya nchini Kenya. Mwezi huo huo wa Desemba, akiwa safarini kutoka Nairobi, walimshtukia uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, kwa vituko vyake. Alikuwa ameandika kwenye begi la abiria mwingine kwamba Dkt. Popp amewekewa sumu. Alikamatwa baadaye kwao Marekani, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba afya ya akili yake haimruhusu kusimama kizimbani. Wanasema alikuwa anavaa boksi kichwani na kuweka vibano vya nywele kwenye ndevu. Kama alikuwa anaumwa kweli au anaigiza, mimi sijui, na kwa kazi yangu sipendi kumcheka mtu kwa hilo. Alisema hela zingekwenda kwenye elimu ya UKIMWI.

Iliripotiwa kwamba taasisi moja ya UKIMWI kule Italia ilipoteza kazi ya miaka kumi. Mtaalamu Mwingereza, Jim Bates, aliifungua ile programu, akakuta kwamba imevuruga majina tu, mafaili yenyewe yamo, akatengeneza dawa yake na kuigawa. Wenye hofu walikuwa wameshafuta kila kitu. Hapo nakumbuka wagonjwa wangu wanaochoma madaftari ya kliniki kwa kusikia uvumi.

SEHEMU YA 3

Huyu ni wa hapa kwetu Mtera, msimruke.

Bwawa letu lilijengwa miaka ya 1970 kuzuia maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu huko chini isikaukiwe. Mwaka 1988, mwaka ule ule wa kijana Morris, Mtera nayo ikapata kituo chake cha umeme, megawati 80. Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Iringa unavuka juu ya ukuta wake kabisa, upande mmoja maji, upande mwingine bonde. Watoto wetu wanadhani umeme unatengenezwa na maji tu. Hapana, kuna watu mbele ya vioo vya kompyuta wanaoamua njia ipi ya umeme ifunguliwe na ipi ifungwe, na mara nyingi wako mbali na mtambo wenyewe.

Desemba 23, 2015, alasiri, huko Ukraine magharibi, wafanyakazi wa kampuni ya umeme walikaa mbele ya vioo hivyo wakaona kishale cha mausi kinatembea chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Kikaenda kwenye kituo kimoja, kikabonyeza, kikakata umeme, kikaenda kingine. Waligombania mausi na mtu wasiyemuona, wakashindwa, na wengine wakafungiwa nje ya kompyuta zao wenyewe. Wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani kwenye baridi ya Desemba, na simu za huduma kwa wateja zilikuwa zimezidiwa kwa makusudi, ukipiga hupati mtu.

Wavamizi waliingiaje? Miezi kabla, kwa barua pepe zenye faili la Word. Mfanyakazi akalifungua, likamwomba aruhusu kitu fulani, akabonyeza kukubali. Wakakaa humo miezi, wakijifunza, wakikusanya nywila za watu, mpaka wakaweza kuingia kwa mlango wa kawaida wa wafanyakazi wanaofanya kazi kwa mbali. Mlango huo haukuhitaji zaidi ya jina na nywila.

Umeme ulirudi baada ya saa chache. Mafundi walipanda magari, wakaenda kituo kimoja kimoja, wakawasha kwa mikono.

Nikisoma habari hii naiona wodi ya wazazi saa nane usiku, taa zimezimika, mtoto amezaliwa hajalia, mashine ya kuvuta makamasi ni ya umeme. Tunayo ya mkono pia, usiogope. Ila unaelewa kwa nini habari ya Ukraine haikuwa mbali na mimi.

Na nyingine, ya Ireland. Hii ndiyo ya akina mama hasa. Machi 18, 2021, mfanyakazi mmoja wa huduma za afya za taifa kule alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Wiki nane wavamizi wakazunguka ndani. Alfajiri ya Mei 14 wakafunga kila kitu nchi nzima wakadai fidia. Hospitali ya wazazi ya Rotunda, Dublin, ikatangaza asubuhi hiyo: wenye miadi wasije, isipokuwa waliofikisha wiki 36 au zaidi, na wenye dharura. Fikiria una wiki 30, una wasiwasi mtoto hachezi sawasawa, unasikia redioni kliniki imefungwa. Wauguzi wakarudi kwenye karatasi. Wavamizi walitoa ufunguo bure siku chache baadaye, serikali ikisema haikulipa, lakini kusafisha mashine zote kulichukua mpaka Septemba.

Ndiyo maana ukija kliniki ukanikuta najaza kompyuta halafu najaza na kitabu cha MTUHA, usininunie kwamba nakuchelewesha. Na kadi yako ya kliniki itunze kama hela. Siku mfumo ukizima, damu yako kundi gani, presha ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi, ulijifungua kwa upasuaji au la, vyote vimo kwenye hiyo karatasi iliyokunjwa kwenye khanga.

SEHEMU YA 4

Sasa turudi kwa mama yetu na 180,000 zake.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na wengine wakafuata. Hapo ndipo simu iligeuka kuwa benki, na mwizi akapata sababu ya kuitaka. Mwanzoni zilikuwa meseji: ile hela itume kwenye namba hii. Mtu yuko njiani kumtumia mama mwenye nyumba kodi, meseji inaingia, anatuma. Kisha wakaja na kazi kubwa zaidi, ya kuihamisha laini yako kwenye kadi yao. Anajua jina lako na namba yako ya NIDA, anajifanya wewe, laini inarudishwa upya kwake, simu yako inaandika hakuna mtandao. Tangu hapo kila ujumbe wa siri unakwenda kwake. Ukiona simu haina mtandao saa nzima na jirani yako wa mtandao ule ule anao, usisubiri. Azima simu, piga huduma kwa wateja.

Sheria zilifuata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilianza kutumika Septemba mwaka huo, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa linaloweza kukupeleka jela kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kisha mwaka 2019 likaja zoezi la alama za vidole. Mnakumbuka foleni za NIDA? Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Nilipanga foleni na mjamzito wa miezi saba mbele yangu, tukampisha.

Alama za vidole zilisaidia, lakini mwizi naye hakulala. Wakala anakwambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Unaweka. Cha kwanza kilikuwa kimesoma, cha pili kimesajili laini usiyoijua kwa jina lako. Hebu piga *106# leo, uone ni laini ngapi ziko kwenye kitambulisho chako. Mimi nilikuta moja ambayo si yangu nikaenda kuifuta, na ilinichukua nusu siku.

Kwa huyu mama hawakuhitaji hata hayo yote. Zile tarakimu zilizoingia kwa ujumbe ni ufunguo wa mara moja, na mfumo ulimtumia yeye ili uthibitishe kwamba ni yeye. Alipozisoma, mfumo ukaamini kwamba yule mwanaume ni yeye. Basi. Simu ilibaki mkononi mwake kwa sababu simu haikuwa kitu kilichoibiwa. Kampuni za simu zinapokupigia hutumia namba 100, hazitumii namba ya mtu, na hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji umsomee ujumbe huo. Namba ya tapeli itume 15040, bure.

Kuna aina nyingine mbili naziona zaidi kwa akina mama vijana wenye simu janja. Ya kwanza ni kuombwa upakue programu ya kudhibiti simu kwa mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Programu zenyewe ni halali, mafundi wanazitumia kila siku. Ila ukimsomea mtu namba inayotokea pale na kubonyeza kukubali, anakiona kioo chako, na akishaongezewa ruhusa ya kukiendesha, kishale cha Ukraine kimehamia kiganjani mwako. Ya pili ni mikopo ya haraka ya mtandaoni. Unataka 50,000 ya haraka, programu inaomba kuona majina yote uliyoyahifadhi, unakubali bila kusoma. Ukichelewa kulipa, shemeji yako, mchungaji wako na mimi nesi wako tunatumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli. Dada mmoja presha ilimpanda kwa hilo, siyo chumvi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza Mei 2023, na tume yake ipo; malalamiko yanapokelewa. Mimi ushauri wangu ni mkali zaidi: inayotaka kusoma majina ya watu wako ili ikukopeshe, ifute, kopa kwenye kikoba.

Na nikuambie la kwangu, maana nimekaa hapa navua wenzangu nguo. Kwenye kituo nilichowahi kufanya kazi zamani, tulikuwa na kompyuta moja wodini na nywila moja, sote, imeandikwa kwenye plasta ya dawa imebandikwa chini ya kioo. Siku moja nikiwa zamu peke yangu akapiga mtu, fundi wa mfumo kutoka makao makuu, anataka niweke programu fulani arekebishe taarifa za mwezi. Anajua jina langu, anajua jina la bosi wangu. Nikaipakua. Ikatokea namba ndefu. Nimeshamsomea tarakimu nne, mama wa kitanda cha tatu akapiga kelele, "Sista, anakujaaa!" Nikatupa simu nikakimbia. Mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Niliporudi yule bwana ameshakata, na nilipouliza kesho yake, hakuna fundi aliyekuwa ametumwa. Kwenye mashine ile kulikuwa na majina ya akina mama, namba zao za simu na majibu yao ya vipimo, pamoja na yale ambayo mtu hajamwambia hata mumewe.

Niliibandua ile plasta siku hiyo hiyo na kuitupa kwenye ndoo ya taka za wodi. Nikaomba kila mmoja apewe nywila yake, na baada ya kuzungushwa sana tukapewa. Wenzangu walininunia wiki nzima, kwamba nawasumbua watu na zamu yenyewe ngumu. Wiki ya pili nikakuta plasta mpya chini ya kioo, safari hii ina majina manne na nywila nne, zimepangwa vizuri kabisa kwa mwandiko wa dada mkuu wa wodi.